Kigoda Kilichokataa Kutazamwa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja, hajawahi kufanya jambo zuri akanyamaza. Hata baya hanyamazi nalo. Alipong'olewa jino la nyuma alizunguka nalo mtaani kwenye kikaratasi, akimfungulia kila aliyethubutu kumsalimia. "Tazama! Hebu tazama mzizi huo!" Watu wakampachika jina la Bwana Tazama, naye badala ya kuona haya akalivaa kama suti.

Nawaandikia haya wapwa zangu, na mwingine yeyote atakayepita hapa, kwa sababu siku hizi nawasikia watu wazima na miwani yao wakisema mtu huyu ana kipaji. Kipaji! Mimi nilikuwepo. Shule na mimi tuliachana mapema, kila mmoja akiwa amemchoka mwenzake, lakini kuona naona, na kwa kusimulia sijapata mpinzani kuanzia hapa hadi kituo cha basi.

Kazi yake ilikuwa msasa. Alikuwa mpiga msasa kwenye karakana ya samani nyuma ya soko, pale penye geti la bati na vumbi la mbao linalompa kila mtu nyusi za kizee. Wenzake walikata, wakachonga, wakapiga misumari; yeye alisugua. Ukimpa ubao wenye makovu kama magoti ya mtoto mtundu, alikurudishia ubao ambao nzi akitua anateleza. Hilo namkubalia, na msinitake nilirudie.

Basi wakaja watu wa semina. Mnawajua watu wa semina: viti vya plastiki, soda, na mwisho kila mtu anapewa cheti hata aliyesinzia. Walikuja kufundisha namna ya kutengeneza vitu kwa uyoga, samani na vigae na maboksi ya kufungia mizigo, bila kukata mti wala kuchoma plastiki. Shemeji akarudi nyumbani macho yamemtoka kama aliyeona mazingaombwe.

"Shemeji," akaniambia, "huu uyoga tunaouona ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi, nyeupe, nyembamba kuliko za buibui. Unazilisha maranda, zinayala, zinayakumbatia, mpaka yote yanakuwa kitu kimoja kigumu. Ukitia kwenye kalibu ya sahani, sahani. Ukitia kwenye kalibu ya kigoda, kigoda! Kikichakaa unakitupa shambani, kinakuwa mbolea."

Sasa jambo lenyewe si la kipuuzi. Mpuuzi ni aliyekwenda kulisikia. Mwingine angejaribu kwanza kibarua kikiwa bado mkononi. Yeye kesho yake alipanda juu ya rundo la mbao, katikati ya karakana, akawahutubia wenzake.

"Nyie ni wauaji wa miti! Mimi naenda kuotesha viti. Mtakuja kukalia kazi yangu!"

Msimamizi wa karakana, mtu mfupi ambaye penseli haitoki sikioni hata msibani, hakugomba. Alikichukua kile kipande cha msasa alichokiacha shemeji benchini, akakitundika kwenye msumari ukutani.

"Nenda salama, Bwana Tazama. Msasa wako upo hapa msumarini. Ukichoka na uyoga utaukuta."

Karakana nzima ikacheka. Tangu siku ile kila msimamizi alipopita mbele ya nyumba yao kwenda kwake, aliinua mkono na kusugua hewa, sukusuku, kama anayepiga msasa. Neno hasemi. Hakuna tusi lililomuuma shemeji kama lile sugua-sugua la kimya.

Dada yangu ni fundi cherehani, na alikuwa na chumba chake cha kazi. Chumba cha kiungwana: dirisha moja, meza ya kukatia, kioo kirefu cha mteja kujitazamia, na lile kabati zito la marehemu mama yetu ambalo mlango wake haushiki mpaka ulifunge kwa ufunguo. Bwana Tazama akakitaka chumba hicho. Alihitaji mahali pa giza, pasipo na pilikapilika. Akabembeleza, akabembeleza tena, mpaka dada akachoka. Kioo, meza na kabati vikabaki, lakini cherehani ikahamia jikoni, kati ya jiko na karo la kuoshea vyombo, na tangu hapo magauni ya mtaa huu yakanukia vitunguu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Aliokota maranda karakana kwa kupitia mlango wa nyuma, kwa wale wale wauaji wa miti. Aliyachemsha kwa mvuke kwenye pipa mpaka kila kijidudu kikafa, akaacha yapoe. Akanawa mikono kwa spiriti kama daktari wa upasuaji, akachanganya na mbegu za uyoga alizonunua, akashindilia kwenye ndoo za dada, maana kigoda ukikitazama vizuri ni ndoo iliyopinduliwa. Juu akafunga nailoni kwa kamba, akatoboa vitundu vidogo kwa sindano, akaweka gizani. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni moja tu, kutofanya kitu. Ziache nyuzi zile mpaka zijae. Ukifungua kabla hazijajaa, ukungu wa kijani unaingia na kuzipora chakula.

Kutofanya kitu! Mimi kazi hiyo naiweza kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Shemeji ilimshinda.

Wa kwanza alikuwa msoma mita. Nilikuwa nimekaa barazani nikinywa chai ya dada.

"Naomba kuiona mita," akasema yule kijana.

"Mita utaiona, mita haikimbii. Njoo kwanza utazame!" Akamshika mkono akamvuta hadi chumbani, nami nikafuata kwa kuwa burudani ya bure haikataliwi. Bwana Tazama akachuchumaa mbele ya ndoo, akaikaza sauti kama mwalimu. "Kanuni ya kwanza ya kazi hii, ndugu yangu," akasema huku vidole vyake vikifungua kamba, "kanuni ya kwanza ni kwamba haifunguliwi."

"Shemeji, mbona unafungua?" nikauliza.

"Sifungui. Naonyesha."

"Na hewa je? Hewa inajua unaonyesha?"

"Hewa haiwezi kuingia kwa muda mfupi namna hii."

Msoma mita akainama, akanusa, akachomeka kidole, akapiga chafya. Ndani ya ndoo. Akapangusa pua, akasema, "Hongera, mzee," akaenda kusoma mita.

Siku chache baadaye ndoo ile ilikuwa kijani kama jani la mgomba. Shemeji akalaumu joto. Ya pili ilifunguliwa kwa muuza maji, naye akaita na mwenzake. Shemeji akalaumu mbegu. Ya tatu aliwafungulia watu wa msiba waliokosea nyumba. Watu wanalia, wanatafuta nyumba ya marehemu, yeye anawaambia, "Poleni sana, lakini kwa kuwa mmeshafika, hebu tazameni." Ilipoharibika hiyo nayo akanijia na sura ya mtu aliyegundua siri ya dunia.

"Shemeji, nimejua. Ni jicho. Watu wana husuda, wana jicho baya."

"Jicho lipo," nikamwambia. "Ila jicho halikuja lenyewe. Wewe ndiye unayelikaribisha, na kiti unalivutia."

Akanuna. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ukweli anakuona mchawi.

Sasa kwenye kona ya barabara ya lami kulikuwa kunajengwa duka kubwa la samani, vioo juu mpaka chini. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mnene wa heshima, anayetembea taratibu kwa sababu hana wa kumharakisha. Shemeji akamfuata palepale kwenye saruji mbichi, akamweleza habari za uyoga, na kwa kuwa mdomo wake hauna breki akamwambia vigoda tayari anavyo.

"Unavyo?" yule mama akauliza.

"Ninavyo, mama. Vinang'aa."

"Basi siku ya ufunguzi niletee kimoja. Nitakikalia mwenyewe mbele ya wageni. Kikinibeba, nitauza kazi yako. Kisiponibeba, tutacheka wote tutaachana."

Akarudi nyumbani anaelea. Dada alikuwa jikoni anapiga pindo la pazia, goti moja limegusana na jiko. Akasikiliza hadithi yote bila kuinua mguu kwenye pedali. Kisha akasimamisha cherehani.

"Baba watoto, una kigoda?"

"Nitakuwa nacho."

"Sikiliza. Siku ya ufunguzi ikifika na kigoda hakipo, chumba changu kinarudi, ndoo zangu zinarudi, na wewe unarudi kwenye msasa wako. Utakwenda mwenyewe kwa msimamizi, kwa miguu yako."

"Naapa," akasema.

"Kaka ni shahidi."

"Shahidi mimi," nikasema, nikaongeza sukari.

Muda uliobaki ulitosha mpando mmoja tu. Shemeji akachemsha, akanawa, akashindilia ndoo zote zilizokuwa ndani ya nyumba, hata ile ya bluu ya kufulia ambayo dada alikuwa akiificha. Akazipanga ukutani, na kwa siku za mwanzo, lazima niseme, alijizuia. Nilimwona anazunguka mlango wa chumba kama paka anayezunguka samaki.

Halafu akaja bibi harusi kupima gauni, na shangazi yake. Jikoni gauni la namna ile huwezi hata kuligeuza, sembuse mkia wake, kwa hiyo dada akawaingiza chumbani kwenye kioo. Shangazi akasimama mlangoni, akakunja pua.

"Fundi, samahani, humu mna kitu kimekufa?"

Dada yangu ana haya, hasa mbele ya wateja. Ile ndoo ya bluu ilikuwa imekaa mahali hasa mkia wa gauni ulipotakiwa kutandazwa. Akaikumbatia upesi, akaisukumiza chini kabisa ya kabati la mama, nyuma ya mablanketi ya zamani, akafunga kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani. Nyingine akazifunika shuka. Na pengine zile za chini ya shuka zingenusurika, kama Bwana Tazama asingesikia sauti ngeni nyumbani kwake.

Akaingia. Bibi harusi nusu kavaa, anapiga kelele, yeye hata haoni. "Shangazi! Wewe unaonekana mtu wa kuelewa mambo. Njoo utazame!" Akavuta shuka. Akafungua moja, akafungua ya pili ili shangazi alinganishe, akafungua na ya tatu kwa sababu shangazi alikuwa amesema "Eh!" Alifikiri ni mshangao. Ilikuwa kichefuchefu.

Jioni akagundua pengo ukutani.

"Mke wangu, ndoo ya bluu iko wapi?"

Dada alikuwa na pini mdomoni na hasira moyoni. "Kaitafute jalalani!"

Akaenda. Haki ya Mungu, akaenda jalalani, akachokoachokoa na fimbo mpaka mbwa wakamfukuza. Akarudi akiamini mkewe ametupa kazi yake, na dada akamwacha aamini hivyo. Kisha gauni likamshika, pindo na vishanga na bibi harusi anayebadili mawazo, akasahau kabisa kwamba kabatini kuna ndoo.

Zilizobaki ukutani zikaambukizana, zikageuka kijani moja baada ya nyingine. Ilipogeuka ya mwisho Bwana Tazama alitoka nje akaketi kizingitini, mikono katikati ya magoti. Msimamizi wa karakana akapita. Akainua mkono: sukusuku. Shemeji hakumjibu, hata hakumkunjia uso. Mimi nilikuwa nimeandaa kicheko changu tangu siku ya semina, kicheko cha kukata na shoka, lakini nilipomtazama nikakosa pa kukitua. Nikakiweka akiba.

Siku iliyofuata, mchana, dada akaniita kwa ishara ya kidole, kama tulivyokuwa tukiitana utotoni tukitaka kuiba sukari. Mumewe alikuwa amekwenda kurudisha pipa la watu. Akanipeleka kwenye kabati la mama.

"Nilikuwa natafuta ndoo ya kufulia," akanong'ona. "Nikakumbuka. Tazama, lakini usiguse."

Chini, nyuma ya mablanketi, ndoo ya bluu ilikuwa imejaa weupe mpaka ukingoni. Kupitia nailoni niliuona, mweupe pee, laini, kama maziwa yaliyoganda. Hakuna hata tone la kijani. Nikanyoosha mkono ili nithibitishe kitaalamu. Akaupiga kofi.

"Usiguse! Kwani wewe na yeye mama mmoja?"

Tukasimama tunaitazama. Nami, kwa kuwa nina akili ya haraka, nikaona jambo ambalo ninyi pia mmeshaliona.

"Dada," nikasema, "ukifunga tu mlango wa kabati ukanyamaza, chumba ni chako. Amekwishashindwa, na ameapa. Hutakiwi kufanya chochote."

"Najua."

"Basi?"

Akaufunga mlango wa kabati taratibu, akabaki na mkono juu yake. "Nikinyamaza nitapata chumba, kaka. Lakini nitapata na mwanamume anayerudi kila jioni na vumbi na aibu, anakaa mezani haniambii kitu. Umemwona jana? Hakuniletea hata jambo moja la kutazama. Miaka yote nimeomba anyamaze. Amenyamaza siku moja, nyumba imekuwa kama kaburi." Akafuta pua kwa pembe ya kanga. "Ila hatumwambii. Akijua tu, mtaa mzima utakuwa kabatini."

Hapo ndipo nilipojitwika mimi. Semeni mnavyosema, bila mabega yangu pasingekuwa na hadithi. Nikaibeba ndoo, imefungwa kwenye shuka, dada nyuma yangu, hadi kwa mwoka mikate wa mtaa wa pili. Maana nyuzi zikishajaa lazima kigoda kitolewe kwenye ndoo, kianikwe kikauke, kisha kitiwe moto kiasi, zife kabisa zisiendelee kula wala kuota vichwa vya uyoga. Dada alikuwa amezisikia kanuni hizo mara nyingi, mumewe akiwasomea msoma mita, muuza maji na wafiwa.

Mwoka mikate akafunua pembe ya shuka, akairudisha upesi.

"Hii nini?"

"Kigoda," dada akasema.

"Huu ni ukungu! Mama, mimi maisha yangu yote napigana na ukungu. Ukungu umenifilisi mara mbili. Leo unaniletea nikuokee?"

"Ni kwa siku chache juu ya paa, halafu kwenye tanuri mikate ikishatoka, moto ukiwa umeshuka."

"Hata kwa dawa! Wateja wakijua?"

Dada akatengeneza kanga yake begani. "Wateja hawatajua. Kama vile mke wako mkubwa ambavyo hajajua nani alikushonea ile suruali nyeupe, na ulikuwa unakwenda kuoa wapi."

Mwoka mikate akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Ngazi iko nyuma."

Kikatoka kwenye ndoo kwa pigo moja la kiganja, kizima, na alama ya chapa ya ndoo kwenye kitako chake. Kikakaa juani juu ya paa kama mfalme, kikapungua uzito, kikageuka rangi ya ngozi ya mkate. Kisha kikaingia tanurini. Kesho yake mtaa ule ulikula mikate yenye harufu ya msitu baada ya mvua, na mama mmoja akarudi kuuliza kama ni aina mpya, maana anaitaka tena.

Ikafika asubuhi ya ufunguzi. Bwana Tazama alikuwa amenyoa, amevaa lile shati lake la kazi la zamani, mfukoni bado lina vumbi la karakana.

"Shemeji," akaniambia bila kunitazama, "nisindikize kwa msimamizi. Peke yangu miguu itagoma."

"Twende."

Dada akatoka na furushi kifuani, limefungwa kwa kitambaa cha pazia. "Tunapitia dukani kwanza."

"Kufanya nini? Kuomba radhi?"

"Ulimwahidi mama wa watu. Utamtazama usoni."

Hakubisha. Njia nzima hakuuliza hata furushi lina nini, na hapo ndipo nilipojua jinsi mtu huyu alivyokuwa amevunjika. Bwana Tazama ninayemjua mimi angelifungua kabla hatujavuka barabara.

Dukani kulikuwa na wageni wa kutosha, wale wanaoshika glasi kwa vidole viwili na kusema kila kitu ni "asilia". Meza asilia, taa asilia, hata karanga walizokuwa wakitafuna nazo asilia, kana kwamba kuna karanga za bati. Mwenye duka akatuona akaja, taratibu.

"Fundi. Umekuja na kigoda?"

Shemeji akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta neno ambalo hajawahi kulitumia maishani mwake, nalo ni "sina". Kabla hajalipata, dada akaweka furushi sakafuni, katikati ya watu, akarudi nyuma.

"Haya, baba watoto," akasema. "Leo ruksa. Funua."

Akachuchumaa. Vidole vile vilivyoharibu ndoo zote zile vililikosea fundo mara mbili mpaka nikataka kumsaidia. Kitambaa kikaanguka. Kigoda kikasimama pale, kimetulia, rangi ya mkate, na chapa ya ndoo ya kufulia imegeuka juu kabisa, mahali pa makalio, kama muhuri wa serikali.

Nikangoja aseme tazama. Duka zima likangoja bila kujua linangoja nini. Hakusema. Aliweka kiganja juu ya kigoda, akakipitisha taratibu, vile alivyokuwa akikagua ubao, akamwinulia mkewe macho.

Mwenye duka hakuwa mtu wa machozi. Akageuka, akakusanya gauni lake, akaketi kwa uzito wote aliojaliwa. Kigoda kikatoa mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo, kikanyamaza. Akajitikisa kulia. Akajitikisa kushoto. Akaagiza glasi yake aletewe palepale.

Bwana mmoja wa miwani akainama akakipapasa. "Ajabu," akasema, "kinapumua. Unakisikia kabisa kinapumua."

"Kingekuwa kinapumua, mzee," nikamwambia, "tusingekipeleka kwa mwoka mikate."

"Nani amekitengeneza?" mwenye duka akauliza akiwa juu yake.

Na hapo, wapwa zangu, yule niliyemwonea huruma njia nzima akafufuka. Kifua mbele. "Mimi! Kwa mikono yangu, mama! Siri ya kazi hii ni uvumilivu. Kigoda hiki hakikufunguliwa hata mara moja!"

Ubaya wake ni kwamba, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa anasema kweli.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema lolote kuhusu kizuri kinachofungiwa kabatini na mtu anayekionea aibu, lakini wahenga hawakuwahi kuwa na shemeji kama wangu. Mwenye duka akataka vigoda vingine. Tukiwa bado njiani kurudi, dada akatoa masharti yake, na safari hii hakumtaka mume aape. Chumba kikarudi kuwa cha cherehani siku hiyohiyo. Ndoo zikahamia stoo ya uani, isiyo na dirisha, na shemeji akaitengenezea mlango kwa mabaki ya mbao. Kufuli akaichagua dada. Bwana Tazama anachemsha, ananawa, anashindilia, anatoka. Dada anafunga, na ufunguo unakwenda kifuani, mahali ambapo hata msoma mita hawezi kuomba kuonyeshwa. Mpaka nyuzi zijae.

Kwa hiyo mkimtafuta siku hizi mtamkuta uani, ameketi nje ya stoo iliyofungwa, anawaeleza wapita njia habari za vitu vilivyomo ndani. Na watu wanakuja! Hicho ndicho kinachoniudhi. Tangu wakatazwe kuona wamekuwa wengi zaidi.

Hata msimamizi wa karakana alikuja, penseli sikioni, mikono nyuma. Alikuwa amekikuta kigoda dukani.

"Haya, Bwana Tazama. Viko wapi hivyo viti vyako?"

"Humo." Akaunyooshea mlango kidole. "Tazama."

"Nitazame nini? Mlango?"

"Ndiyo ruhusa niliyonayo."

Msimamizi akausogelea mlango kwa dharau. Akauwekea kiganja, akakishusha toka juu hadi chini, akakipandisha tena. Mbao zile zilikuwa mabaki, za rangi tatu tofauti, lakini hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha msasa kilichokuwa kimetundikwa msumarini, kimepinda pembe kwa kukaa, akamwekea shemeji mapajani, akaondoka bila kusugua hewa.

Shemeji akakigeuzageuza. Akakichukua akaanza kukipitisha kwenye ukingo wa mlango, pale kwenye bawaba, mahali ambapo hapakuwa na haja.

"Shemeji," akaniita, "hebu njoo utazame."

Nikamwambia nina shughuli. Nikaagiza chai nyingine.